Simbilisi ni Amana, si Mwanasesere

Mtoto akikuomba mnyama wa kufuga nyumbani, usikimbilie kukubali wala usikimbilie kukataa. Ombi hilo, dogo kama linavyoonekana, ni mlango wa elimu kubwa. Ndani yake mna somo la huruma, somo la wajibu, somo la sayansi na hata somo la dini. Lakini pia mna hatari ya kumfundisha mtoto ukatili pasipo sisi wazazi na walimu kukusudia. Yote hutegemea ni mnyama gani tuliyemchagua, na tumemweka vipi baada ya kumchagua.

Huku kwetu kusini mwa pwani, kutoka Diani hadi Msambweni na kupanda mpaka mji wa Kwale, mtoto hukua akiwa amezungukwa na wanyama. Mbega, wenye manyoya meupe mabegani, huivuka barabara ya Diani kwa madaraja ya kamba waliyotundikiwa ili wasigongwe na magari. Tumbili huingia hadi jikoni na kutoka na ndizi mkononi kana kwamba wamealikwa. Usiku komba hulia mitini mfano wa mtoto mchanga. Si ajabu basi kwamba mtoto aliyelelewa katika mazingira hayo hutamani kuwa na mnyama wake mwenyewe, ampe jina, amlishe kwa mkono wake na amwonyeshe kwa wenzake.

Tamaa hiyo si mbaya. Ubaya huanza pale tunapoitimiza kwa njia iliyo karibu zaidi. Komba mchanga ameanguka kutoka mtini, au tumbili mchanga amefiwa na mamaye barabarani, basi huchukuliwa, hufungwa kamba kiunoni na kuitwa mnyama wa nyumbani. Kwa miezi michache huwa kipenzi cha kila mtu. Akishakua huanza kuuma, kwa sababu ameumbwa aishi na kundi lake, si na kamba. Hapo huachwa amefungwa nyuma ya nyumba, au hufukuzwa arudi msituni asikokujua. Aliyemchukua kwa huruma ndiye aliyemwangamiza.

Kisha kuna sheria. Sheria ya uhifadhi na usimamizi wa wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa mwituni nyumbani bila idhini. Mtoto aokotaye tumbili hajui hilo, lakini mwalimu wake anapaswa kulijua. Mnyama wa aina hiyo hupelekwa kwa maofisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, au kwa wale waliojitolea kuwahifadhi mbega na jamaa zao huko Diani tangu mwaka 1997. Wazee wetu nao walilijua jambo hili kabla ya sheria kuandikwa. Aingiaye Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, hukatazwa kutoka na kitu chochote, hata kama ni jani. Cha msitu ni cha msitu.

Basi mtoto apewe mnyama gani? Wengi watasema paka, na paka ni jibu zuri. Wengine watasema sungura au njiwa. Mimi nataka nimtetee mnyama ambaye hapa Kwale hafahamiki sana, nami nitamtetea kwa masharti. Mnyama huyo ni simbilisi.

Kwanza tumwondolee aibu ya jina. Wanafunzi wengi humjua kwa jina lake la Kiingereza tu, na jina hilo limebeba uongo wa mara mbili, kwani humwita nguruwe wa Guinea, ilhali yeye si nguruwe wala hakutoka Guinea. Katika kaunti yenye Waislamu wengi kama hii yetu, jina hilo peke yake limetosha kumfanya mzazi akunje uso na kulifunga shauri. Ukweli ni kwamba simbilisi ni wa jamii ya wagugunaji, kama vile panya na nungu. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru na Bolivia, ambako wenyeji wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Wahispania ndio waliomfikisha Ulaya katika karne ya 16. Wala asichanganywe na pimbi, ambaye ni mnyama wa mwituni wa hapa hapa Afrika.

Simbilisi hana mkia wa kuonekana. Miguu yake ya mbele ina vidole vinne na ya nyuma ina vitatu. Akishakua huwa na uzito upatao kilo moja, pengine pungufu kidogo. Ni nadra kuuma. Hapandi ukuta, haruki juu ya meza, wala hawindi kuku wa jirani. Humtambua amlishaye, na asikiapo nyayo zake au mchakacho wa majani huanza kupiga mluzi mwembamba wa furaha. Chakula chake kikubwa ni nyasi. Kwa mtoto mwenye mikono midogo na subira iliyo changa, ni vigumu kupata mwenzi mpole kuliko huyo.

Lakini upole wake ndio unaomponza. Mbuzi akiwa na njaa atalia mpaka kijiji kizima kisikie, na paka akikosa chakula ataondoka akajitafutie. Simbilisi hanyamazi akiwa na raha, ila akipatwa na maradhi hujikunyata pembeni na kunyamaza, maana huko alikotoka aliyeonyesha udhaifu aliliwa mwanzo. Mfugaji asiyetazama vyema hugundua kwamba mnyama wake ni mgonjwa siku moja kabla ya kumzika.

Hili sikulisoma kitabuni. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja niliyofundisha, niliwaruhusu wanafunzi wangu kuwaweka simbilisi watatu katika banda nyuma ya darasa. Tuliweka zamu. Kila asubuhi wanafunzi wawili walifagia, wakabadilisha maji na kuleta chakula. Wakati wa mvua nyasi zilikuwa tele na wanyama walinenepa. Ulipoingia mwezi wa Januari, kaskazi ilikausha kila kitu. Tukawalisha pumba za mahindi na nyasi kavu, nasi tukaona tumefanya vyema, kwa kuwa kila siku chombo cha chakula kilikutwa kitupu.

Baada ya wiki chache mmoja wao aliacha kutembea. Alipobebwa alilia kwa uchungu. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na manyoya yake yalikuwa yamekosa mng'aro. Mimi nilidhani ameumia mguu. Siku ya nne akafa. Tulipokuwa tukimfukia chini ya mkorosho, mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, amekufa kwa njaa?" Nikamjibu kwa haraka kwamba sivyo, kwani alikuwa akila kila siku. Jibu langu lilikuwa kosa, na swali la mtoto yule lilikuwa sawa kabisa. Mnyama yule alikufa kwa njaa ilhali tumbo lake limejaa.

Ugonjwa uliomuua ni kiseyeye. Wanyama walio wengi hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Mbuzi hufanya hivyo, paka hufanya hivyo, hata panya hufanya hivyo. Simbilisi hawezi. Lazima aipate katika chakula chake kila siku, miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na mwili wake hauna uwezo wa kuiweka akiba ya muda mrefu. Nyasi mbichi na mboga zinayo. Nyasi kavu na pumba hazina. Akiikosa kwa wiki mbili au tatu tu, fizi huanza kutoa damu, viungo huvimba na nguvu humwishia.

Ni mnyama gani mwingine mwenye upungufu huo? Ni sisi wanadamu. Tumbili na mbega pia wamo katika kundi hili. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi anayetaka kufundisha lishe ana mfano hai bandani, wenye mahitaji yanayofanana na ya wanafunzi walio mbele yake.

Tena ni somo lililopita katika pwani yetu wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1498 mabaharia wa Vasco da Gama, walipokuwa katika pwani ya Msumbiji, walivimba mikono na miguu, na fizi zao zikafura mpaka wakashindwa kula. Walipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili mwaka huo, mfalme wa mji aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Waliporejea kutoka Bara Hindi, baada ya miezi mitatu baharini, walikuwa wamewazika wenzao wapatao 30 kwa maradhi hayo hayo. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, kitu walichokitaka kwa hamu kilikuwa machungwa. Matunda waliyapata hapa pwani, ila sababu ya kupona kwao hawakuijua.

Sababu hiyo ilianza kujulikana kwa msaada wa simbilisi. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza maradhi mengine ya mabaharia. Wakawalisha simbilisi nafaka tupu, na kwa mshangao wao wanyama wale wakapata kiseyeye. Lau wangalitumia panya, wasingaliona kitu, kwa kuwa panya hujitengenezea vitamini hiyo. Kutokana na hatua hiyo wataalamu waliofuata waliweza kuitafuta dawa yenyewe, mpaka Albert Szent-Györgyi wa Hungaria akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa kazi iliyojumuisha uchunguzi wa vitamini C. Hapo kabla, mwaka 1882, Robert Koch alikuwa amewatumia simbilisi katika kuthibitisha kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Deni letu kwa mnyama huyu ni kubwa. Nami katika shule ile, mwalimu mwenye vitabu, nilimuua mmoja wao kwa kutolijua jambo lililogunduliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Majuto ni mjukuu.

Kwa hiyo, mwalimu na mzazi mnaosoma makala haya, zingatieni masharti kabla ya kufungua mlango wa banda.

Sharti la kwanza ni chakula. Nyasi mbichi safi, kama vile ukoka, ziwe mbele yake mchana na usiku, kwa maana meno yake hukua maisha yake yote na husagwa kwa kutafuna nyasi. Asipotafuna, meno hurefuka mpaka yakamzuia kula. Juu ya nyasi aongezewe kila siku mboga au tunda lenye vitamini C: jani la sukuma wiki, kipande cha pilipili hoho, au kipande kidogo cha pera. Pera la hapa kwetu, ambalo watoto huliokota bure njiani, lina vitamini C kupita chungwa. Wakati wa kiangazi, nyasi zikikauka, kipande hicho cha mboga huwa ndicho uhai wake. Asipewe kisamvu kibichi, majani ya viazi mbatata, vitunguu, parachichi wala nyama. Maji yawe safi na yabadilishwe kila siku.

Sharti la pili ni kivuli, na hili kwa watu wa pwani ni zito kuliko yote. Simbilisi ni mtoto wa milima yenye ubaridi. Hatoki jasho. Joto likipita nyuzi 27 hivi huanza kutaabika, na likizidi 30 anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Sote twajua jinsi mchana wa Diani au Msambweni ulivyo kati ya Desemba na Machi. Banda la mabati lililowekwa juani, hata likiwa zuri kiasi gani, huwa tanuri. Banda liwe chini ya mwembe au mkorosho wenye kivuli cha kutwa, liezekwe makuti, pande zake ziwe wazi kwa wavu ili upepo upite. Mchana wa joto kali awekewe chupa ya maji baridi iliyozungushiwa kitambaa ili ajilaze kando yake. Ukimkuta amejinyoosha, anahema kwa kasi na kudondokwa mate, mpeleke penye ubaridi mara moja na umpanguse masikio na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Walio katika mji wa Kwale, juu ya vilima vya Shimba, wana nafuu kidogo. Walio ufukweni hawana nafasi ya kuzembea. Ambaye hawezi kumpatia kivuli hicho, na atosheke na kumwona picha.

Sharti la tatu ni mwenzi. Simbilisi huishi kwa makundi, na akiwekwa peke yake hudhoofika kwa upweke. Nchini Uswisi, tangu mwaka 2008, sheria imekataza kumfuga akiwa mmoja. Lakini mwenzi huyo achaguliwe kwa akili. Weka majike wawili, au madume wawili waliokua pamoja. Ukiweka jike na dume, jiandae kwa hesabu. Mimba huchukua siku kama 68, watoto huzaliwa wawili hadi wanne wakiwa na manyoya na macho wazi, na siku ileile aliyozaa jike anaweza kushika mimba nyingine. Dume mdogo hutengwa na mamaye akifikisha wiki tatu. Jike ambaye hajawahi kuzaa kabla ya kutimiza miezi sita au saba yuko hatarini kufa katika uzazi wake wa kwanza, kwa sababu mifupa ya nyonga yake huwa imekwisha kushikana. Mwalimu wa hisabati anaweza kulifanya jambo hili swali zuri la ubaoni: wawili leo, watakuwa wangapi baada ya mwaka, na nani atawapokea?

Sharti la nne ni usalama. Wawili wapewe nafasi ya mita moja ya mraba walau, sakafu iwe ya mbao au udongo uliotandikwa nyasi, si wavu unaokata nyayo. Pawe na kasha au kibuyu kilichopasuliwa cha kujifichia. Banda liinuliwe kutoka ardhini, maana mvua za masika hazina huruma, na miguu yake isimame ndani ya makopo yenye maji ili siafu wasipande. Paka, nguchiro, kicheche na nyoka wote humwona simbilisi kuwa chakula. Kunguru wenye shingo la kijivu, waliojazana kila mji wa pwani, hawatamsaza mtoto aliyeachwa nje.

Sharti la tano ni kuhusu dawa. Akiumwa, usimpasulie kapsuli iliyobaki kabatini. Dawa za jamii ya penisilini, ikiwamo amoksilini ambayo hupatikana katika kila duka la dawa, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na humuua naye. Muulize daktari wa mifugo.

Sharti la sita ndilo lililosahauliwa kuliko yote: likizo. Shule hufungwa, wanafunzi hutawanyika, mwalimu husafiri, na mnyama hubaki na mlinzi ambaye hakuulizwa. Kabla ya simbilisi kufika shuleni, jina la atakayemtunza mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba liandikwe ukutani. Ikiwa hakuna jina, hakuna mnyama.

Nayajua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema, "Mwandishi huyu ametosheka. Huko Kinango na Lungalunga ukame huua ng'ombe, watu hutafuta maji kwa siku nzima, naye atuhubiria habari za kubembeleza panya." Hoja hiyo siidharau. Nakubali kwamba nyumba isiyo na uhakika wa chakula cha watoto isitafute kinywa kingine. Hata hivyo mtoa hoja asidhani kwamba simbilisi ni anasa ya matajiri. Katika Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, hufugwa na familia maskini, aghalabu katika jiko lile lile wanamopikia, na walezi wake ni wanawake na watoto. Katika miaka ya vita, ng'ombe na mbuzi waliporwa, lakini simbilisi aliweza kufichwa. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama vile Iringa na Njombe, pia yumo nyumbani mwa wakulima. Huko huliwa na huuzwa, na fedha zake hukidhi mahitaji madogo ya nyumba na ya shule.

Hapa ndipo linapozuka swali gumu. Je, mnyama huyu ni wa kitoweo au ni wa kupendwa? Mimi siwalaumu wa Kivu wala wa Andes. Kila jamii ina desturi yake na dini yake. Ninachokikataa ni kumdanganya mtoto. Ukimruhusu ampe mnyama jina, alale na mawazo yake, kisha siku ya wageni akamkuta chunguni, utakuwa umemfundisha kwamba neno la mzazi halina uzito. Jambo hili lisemwe wazi siku ya kwanza. Ikiwa ni mfugo wa kuuza, aambiwe hivyo. Ikiwa ni mwenzi, abaki mwenzi mpaka mwisho wake. Na mwisho huo si wa kesho, kwani simbilisi aliyetunzwa huishi miaka mitano hadi minane. Mtoto wa gredi ya nne anayemchukua leo huenda akawa katika shule ya sekondari siku ya kumzika.

Wa pili atauliza kama kufuga mnyama kwa furaha tu kunaafikiana na dini. Mimi si mwanazuoni, lakini yapo masimulizi mawili ambayo watoto wa madrasa wa pwani hii hufundishwa. La kwanza ni la mtoto mdogo, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume alimkuta mtoto ana huzuni, naye akazungumza naye kwa upole kuhusu ndege wake. Wanazuoni wametoa humo dalili kwamba mtoto anaweza kufuga ndege, kwa sharti asimtese. La pili ni la mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache akajitafutie. Yaweke masimulizi hayo mawili pamoja, utapata kanuni nzima ya ufugaji: furaha ni halali, kifungo bila matunzo ni dhuluma. Hata sheria za Kenya, katika Sura ya 360, huhesabu kumtesa mnyama kuwa kosa.

Wa tatu, na huyu ni mwalimu mwenzangu, atasema kwamba hana wakati. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, tayari umemjazia miradi, picha na makaratasi. Namwelewa. Lakini mtaala huo wataka mwanafunzi atende, wala si kukariri tu. Mwanafunzi aliyepima uzito wa simbilisi kila Ijumaa na kuuandika katika daftari amejifunza vipimo. Aliyetambua kwamba uzito umepungua wiki mbili mfululizo, akaenda kutafuta sababu, amejifunza uchunguzi. Aliyeamka mapema siku ya mvua kwa sababu zamu ni yake, ilhali hakuna wa kumwona wala wa kumpa alama, amejifunza jambo ambalo hakuna mtihani uwezao kulipima.

Baada ya kifo kile shuleni, nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuwaondoa wale wawili waliosalia na kulisahau jambo lile. Badala yake niliwaambia wanafunzi ukweli, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba jibu nililompa mwenzao lilikuwa la uongo ingawa sikukusudia kudanganya. Darasa lilinyamaza, nadhani hawakuwa wamezoea kumsikia mwalimu akikiri. Kesho yake yule aliyeuliza swali alikuja na mapera matatu ndani ya mfuko wa sare. Alisema yameanguka njiani. Tuliyakata vipande vidogo, na wale wawili wakaishi mpaka darasa lile likamaliza shule.

Wahenga walisema kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyezoea kuona kiumbe dhaifu kikisahauliwa kizuizini kwa sababu utamu wa siku ya kwanza umekwisha, atakapokuwa mtu mzima hatashangaa kuona mzee, mgonjwa au mfungwa akisahauliwa vivyo hivyo. Aliyezoea kupeleka maji kila asubuhi kwa kiumbe kisichoweza kumdai wala kumshitaki, huyo amekwisha kuanza uungwana.

Kwa hiyo, mtoto wako akikuomba simbilisi, mchukue mpaka uani saa saba mchana, msimame pale mnapotaka kuliweka banda. Ikiwa ninyi wenyewe hamwezi kusimama hapo kwa robo saa, basi mmekwisha kupata jibu. Ikiwa pana kivuli, pana upepo, na mpera haupo mbali, muulize swali moja la mwisho: mwezi wa Januari nyasi zikikauka, nani ataenda kutafuta jani bichi? Akisema "mimi," mpe, kisha ukae macho naye.